Siku Moja Nyumba ya Mungu

Nilipomwambia baba watoto kwamba Jumamosi ninakwenda Nyumba ya Mungu, alivua miwani akanitazama. "Ibada gani hiyo ya Jumamosi?" akauliza. Nikamweleza kwamba siendi kanisani. Ninakwenda bwawani, kule wilaya ya Mwanga, na tutakuwa wanne, rafiki zangu wa tangu chuo cha uuguzi, tupande boti na kula samaki. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi mmewahi kuulizwa: "Kwani huko kuna shughuli gani?"

Hakukuwa na shughuli yoyote. Hilo ndilo lililonitia haya kulisema.

Akina mama wenzangu, hebu tuulizane. Rafiki zetu tunaonana nao wapi? Msibani, kwenye ubatizo, kwenye kipaimara cha Desemba, kwenye kumuaga binti anayeolewa. Tunaonana tukiwa tumejifunga kanga kiunoni, mmoja ameshika mwiko na mwingine anahesabu sahani. Tunaulizana habari huku tunamenya ndizi, na kabla habari haijafika mahali penye uchungu mtu anaita kutoka jikoni kwamba chumvi imekwisha. Kukaa na rafiki kutwa nzima, pasipo maiti wala bi harusi, tunakuona ni uvivu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikuona hivyo. Isingekuwa mwenzetu wa Marangu kunipigia simu mara tatu, nisingekwenda.

Tena nilikuwa na sababu nyingine ya kutokwenda, nayo nitaieleza mbele kidogo.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Kwetu Masama huo ni wakati mzuri: baridi ya Julai na Agosti imeondoka, kahawa inavunwa, na mvua za vuli bado hazijaanza. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kibo ilikuwa wazi kabisa, nyeupe juu ya migomba, kana kwamba ungeweza kutembea ukaifikia kabla ya chai. Nilishuka kwa bodaboda hadi Boma Ng'ombe, na hapo nikawakuta wa Marangu na wa Kibosho wameshafika na gari, Noah ya nyumbani kwa huyu wa Kibosho. Alikuwa anaendesha kijana wake, ambaye nilimpokea kwa mikono yangu siku aliyozaliwa. Sasa ana ndevu na anatuambia tufunge mikanda.

Kutoka Boma Ng'ombe kwenda Moshi unavuka mto Kikafu, kwenye ule mteremko ambao kila mama wa Hai akipita husali kimoyomoyo. Mbele yake unavuka Weruweru. Nimevuka madaraja hayo maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza yale maji yanakwenda wapi. Mtoto wa Masama hujifunza mapema kwamba maji yana zamu. Mfongo ukifunguliwa kwenu leo, kesho ni kwa jirani, na anayeiba zamu ya mwenzake hasahauliki upesi. Lakini yakishapita shambani kwetu tunayaona kama yamekwisha. Siku ile kijana akatuambia, kama mtu anayesomesha darasa, kwamba Kikafu na Weruweru zinaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu. Upande wa pili unakuja mto Ruvu kutoka Ziwa Jipe. Basi kumbe tulikuwa tunayafuata maji yetu wenyewe. Yeye alikuwa nyuma ya usukani na maji yalikuwa yakipita huko chini njia yake.

Moshi mjini mijakaranda ilikuwa imeanza kuchanua. Hatukusimama. Himo tulinunua ndizi mbivu, na baada ya Kifaru nchi ikabadilika kama mtu aliyevua nguo: migomba ikaisha, ikabaki migunga, vumbi na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari. Kushoto kwetu ilisimama milima ya Upare. Saa mbili na nusu tukaingia Mwanga, na pale kando ya barabara, chini ya mti, amevaa kofia ya ukindu na kikapu mkononi, alikuwa amesimama wa nne wetu, wa Usangi.

Huyu ndiye aliyekuwa sababu yangu ya pili.

Chuoni tulilala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka mitatu, hadi tulipomaliza mwaka 2003. Mwaka 2018 nilimkopa shilingi 400,000 za ada ya mtoto wangu wa kwanza. Niliahidi miezi mitatu, ikawa mwaka. Sikumtoroka, lakini kila mwezi palitokea jambo, na kila jambo lilipotokea sikumwambia; nilinyamaza tu. Basi siku moja mwaka 2019, kwenye kipaimara nyumbani kwa mwenzetu wa Kibosho, akaniuliza mbele ya wanawake wengine, sahani zikiwa mikononi: "Dada, ile hela yangu vipi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki ile ile nikaenda kukopa kwingine, nikamrudishia yote kwa simu bila neno moja, hata "asante" sikuandika. Miezi minne baadaye mama yake mzazi akafariki. Nilituma rambirambi kwa simu, nikasema nina zamu ya usiku. Sikwenda kuzika.

Kwetu sisi, iwe Uchaggani au Upareni, kutokwenda msibani kwa rafiki si jambo la kusahauliwa. Tangu hapo tulikuwa tukionana kwa wenzetu na kusalimiana. Na siku ile, pale Mwanga, tulisalimiana tena kwa adabu zote: za nyumbani, za watoto, za kazini, za mzee. Salamu ndefu za watu wasio na la kuambiana.

Tuliacha lami tukashika njia ya vumbi upande wa kulia. Ndani ya gari wa Marangu aliongea kwa niaba ya wote. Aliuliza habari za maji pale Mwanga, kwa kuwa sisi tuliozoea mifongo tulikuwa tukisikia jinsi akina mama wa Mwanga na Same walivyohangaika na ndoo. Wa Usangi akasema sasa bomba linatoa. Ule mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza kujengwa mwaka 2014, ulizinduliwa Machi 2025, na chanzo chake ni Nyumba ya Mungu. Kisha, bila kunitazama, akasema: "Kwa hiyo siku hizi napikia maji ya Masama." Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini nililishika lile neno. Kwa miaka sita hakuwa amenitania.

Bwawa linaonekana ghafla. Unapanda kijilima cha mawe, na mbele yako pana maji ya rangi ya chuma yanayokwenda hadi macho yachoke. Ng'ambo ni vilima vya Lelatema upande wa Simanjiro, na kaskazini, juu ya ukungu wa joto, mlima wetu. Nilizoea kuuona mlima kutoka ubavuni mwake, kama mtoto anavyomwona mama akiwa amebebwa mgongoni. Pale niliuona mzima, Kibo na Mawenzi, umekaa peke yake. Wa Kibosho akasema pole pole, "Kumbe ndivyo wengine wanavyotuona."

Hili si ziwa la asili. Mto Pangani ulizibwa miaka ya 1960, na bwawa likijaa maji hufunika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100. Kituo chake cha umeme ni kidogo, megawati 8 tu, kilianza kazi mwaka 1968. Lakini maji yakishatoka hapo huteremka na Pangani hadi Hale na maporomoko ya Pangani, yakazalisha umeme tena, ndipo yakaingia bahari ya Hindi. Wazee wa uvuvi wanakumbuka zaidi samaki. Bwawa lilipokuwa jipya perege walizaliana kupita kiasi. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 20,000, na wavuvi walikuja hata kutoka Ziwa Victoria. Haikuchukua miaka mingi wakapungua sana. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha uvuvi kwa mwaka mzima ili samaki wapate kukua.

Mvuvi aliyetuchukua alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye boti ya mbao na mashine nyuma. Jaketi za kujiokolea zilikuwa tatu. Nikasema sipandi. Wenzangu walianza kuniona mkorofi, eti maji yametulia kama ya kwenye beseni, lakini nikawaambia sisi ni wauguzi wanne na kuogelea hatujui hata mmoja. Mchagga na maji hukutana shambani, basi. Mvuvi hakukasirika. Alimtuma kijana, na baada ya robo saa likaja jaketi la nne, limepauka lakini zima. Wasomaji mkienda, na nawasihi mwende, msione aibu kusubiri hiyo robo saa.

Sasa mvuvi akatupanga. Alituangalia kama mtu anayepanga magunia, akawaweka wa Marangu na wa Kibosho mbele, mmoja huku na mmoja huku, kisha akasema kwa heshima kabisa: "Nyie mama wawili wenye afya, kaeni hapa katikati pamoja, boti itulie." Hao wawili wenye afya walikuwa mimi na wa Usangi. Ubao ulikuwa mfupi. Bega kwa bega, paja kwa paja.

Tuliondoka saa nne kasoro. Kwa muda mrefu hapakuwa na maneno, na kwa kweli hayakuhitajika. Mnandi walikuwa wamesimama juu ya visiki wakikausha mabawa. Mwari walipita juu yetu kwa mstari, wazito, bila haraka. Mvuvi akazima mashine karibu na matete akatuonyesha viboko kwa mbali, masikio na pua tu juu ya maji, akasema huwa hasogei zaidi ya hapo. Mashine ilipozimika, kimya kikawa kingi. Mimi nina watoto wanne na wodi ya wazazi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akiniita.

Nadhani ni kile kimya kilichonifungua kinywa. Nilimwambia, nikitazama maji: "Siku ya mama nilikuwa na zamu ya usiku kweli."

Akasema, "Najua."

"Lakini iliisha saa moja na nusu asubuhi."

"Najua," akasema. "Maziko yalikuwa saa nane mchana. Mimi nami ni nesi, dada. Zamu zinaisha saa ngapi naijua."

Miaka sita nilikuwa nimejificha nyuma ya zamu ile, na muda wote huo alikuwa anajua hesabu yake. Akaendelea, kwa sauti ya chini, wenzetu wakijifanya wanatazama viboko: "Nilikaa naangalia barabara. Kila Noah iliyopanda nilisema ndiye. Hata walipoanza kufukia niliangalia nyuma." Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Na mimi ile siku ya kipaimara nilikosea. Hela nilikuwa naihitaji kwa dawa za mama. Ningekuita pembeni."

Dawa za mama. Hilo sikulijua. Kama ningalimuuliza hata mara moja habari za nyumbani kwake wakati nikiwa na deni lake, ningelijua. Lakini mwenye deni huwa haulizi habari za mtu. Anaogopa mazungumzo yasifike kwenye fedha.

Sikuweza kusema zaidi ya "Nisamehe." Hakujibu. Wala sikumlaumu, neno la miaka sita halijibiwi kwa dakika moja. Akafungua kikapu, akatoa karanga zilizofungwa kwenye gazeti, akamimina nusu kwenye kiganja changu.

Tulipofika saa sita upepo ukaanza. Mvuvi akaugeuza mdomo wa boti mara moja, maana anasema bwawa hilo asubuhi na mchana ni watu wawili tofauti. Mawimbi yalikuwa mafupi na ya ghafla, yanapiga ubavuni na kuturushia maji usoni. Wa Marangu, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, aliishiwa. Wa Usangi alinishika mkono hadi kucha zikaniingia, nami nikamshika. Hakuna lililotupata. Baada ya nusu saa tulikuwa mwaloni, tumelowa, tunacheka kicheko cha watu walioogopa.

Wakati wa kushuka nilivua viatu nikataka kukanyaga maji, wa Kibosho akanivuta kanga. "Nesi mzima!" Alikuwa na haki. Maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na mtoto hahitaji kuyanywa ili augue. Anatosha kusimama ndani yake. Dawa ipo na inaponya, lakini akirudi kuchezea maji yale yale ataugua tena. Mvuvi alitushusha kwenye mawe.

Pale mwaloni niliona mambo mawili ambayo sikuyapenda. La kwanza ni chandarua. Kipande cha chandarua cha mbu, kama kile ninachompa mama mjamzito kliniki kwa mkono wangu, kilikuwa kimeunganishwa na kamba na kuanikwa. Matundu yake hayaachi hata kifaranga cha samaki, na sheria inakataza, kila mtu pale anajua. Mvuvi wetu alikitazama akageuza uso. La pili lilikuwa limenasa kwenye matete: pampasi, moja, mbili, tatu, zimevimba kama mikate. Nikasema kwa hasira, "Watu wa huku wana uchafu!" Wa Usangi akanionyesha kwa kidevu kule kaskazini, kwenye mlima. "Za huku au za huko?" akauliza. Nikakumbuka Kikafu. Nikakumbuka kina mama wa kwetu wanavyorusha mfuko korongoni usiku mvua ikianza kunyesha, na kwamba nimewaona nisiseme kitu, mimi mtu wa afya na mzee wa kanisa.

Tulikula kwa mama mmoja anayekaanga perege mbele ya nyumba yake, kwenye kikaango kikubwa juu ya mafiga. Perege ni samaki wa mto huu wa Pangani, na akiliwa saa hiyo hiyo, na ugali, ndimu na pilipili, hataki mchuzi. Tulikula kwa mikono. Wa Usangi akawaambia wenzetu kwamba Wachagga wakila samaki huhesabu miiba kuona kama wamepunjwa. Nami nikamjibu kwamba Mpare hahesabu, anaibeba nyumbani kuchemshia supu. Basi wale wawili wakatazamana, nikajua kwamba mpango mzima wa bwawa ulikuwa wao. Waliwahi hata kumwomba mvuvi atukalishe pamoja? Nimewauliza mara mbili. Wanakataa.

Tulimrudisha wa Usangi Mwanga saa kumi na moja. Alishuka, akazunguka hadi dirishani kwangu, akasema, "Kaburi la mama tumelijengea. Bado hujaliona." Ndiyo kwanza nikapata jibu langu la boti.

Nilikwenda mwisho wa Novemba, peke yangu, kwa basi hadi Mwanga na gari jingine kupanda Usangi. Baba watoto hakuuliza kuna shughuli gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikatia mkungu wa ndizi, na alipoona ninakata pia jani la isale penye mpaka wa shamba, pamoja na kipande cha shina lake, hakusema kitu. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi. Wako wanaosema hayo ni mambo ya zamani, hayamfai Mkristo. Mimi nilifikiri kwamba kinywa changu kilikuwa kimeshasema uongo kwenye habari hii, heri mkono useme.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi. Nilipotoa lile jani alilitazama, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Wachagga nyie! Deni la msiba mnalipa kwa jani!" Halafu akaacha kucheka. Alikwenda jikoni akarudi na kisu na kopo la maji, na tukakichimbia kile kipande cha shina shimo dogo upande wa kichwani. Vuli ilikuwa bado inasitasita, ardhi ilikuwa kavu. Akasema atalimwagilia yeye mpaka lishike, maji yapo.